Betri za bei poa kwa katoni: soma hii kabla kikundi hakijatoa hela

"Habari fundi. Mimi ni mama naishi Urambo, tuko wamama kumi na moja kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Kuna kijana analeta mzigo kutoka Dar, anatuuzia betri kwa katoni, zile za saa jozi inaangukia shilingi 300 wakati dukani hapa jozi ni 600, na zile kubwa za redio nazo ni nusu bei. Tunataka tununue za mwaka mzima tugawane, zingine tuuze. Shida ni kwamba mwaka jana nilinunua hizohizo za bei rahisi, tochi haikumaliza wiki, rimoti ikajaa unga mweupe, na redio ya mume wangu betri zikatoa maji ndani mpaka leo inakoroma. Mama mkwe anasema zikilegea nizianike juani zinapata nguvu, jirani anasema niweke kwenye friji hazitaharibika. Je hizi betri ni feki? Na kununua nyingi kwa mara moja ni akili au tunatupa hela?"

Mwangaluka dada, asante kwa kueleza yote mpaka na bei, maana watu wengi wananiuliza tu "betri gani nzuri" halafu nabaki nakisia. Nimetengeneza redio na tochi hapa Tabora mjini miaka mingi na nakwambia kabisa, nusu ya redio zinazoletwa mezani kwangu hazijaharibika zenyewe, zimeharibiwa na betri. Kwa hiyo swali lako sio dogo, ni hela ya wamama kumi na moja.

Tuanze na hili la feki. Watu wanaita feki betri yoyote inayowahi kuisha, na hapo tunamwonea muuzaji wakati mwingine. Betri feki ni ile inayovaa jina la kampuni ya mtu mwingine, au inayodanganya aina yake. Ila kuna betri halali kabisa ambazo ni za bei rahisi kwa sababu ndani zimetengenezwa kwa teknolojia ya zamani na ya bei nafuu, na hizo ndizo nahisi ulinunua. Zinaitwa zinki kaboni. Zile za gharama zinaitwa alkalaini. Kwa nje zinafanana urefu na unene, zote zimeandikwa volti 1.5, lakini ndani ni vitu viwili tofauti.

Jinsi ya kuzitofautisha usiangalie rangi wala maneno makubwa, angalia herufi ndogo pembeni. Betri ya saa ikiandikwa R6 ni zinki kaboni, ikiandikwa LR6 ni alkalaini. Ile nyembamba ya rimoti ni R03 au LR03, ile kubwa ya redio ni R20 au LR20. Hiyo L moja mbele ndio inabeba tofauti yote. Na yale maandishi ya "Heavy Duty" au "Extra Heavy Duty" yanayowapa watu moyo, dada yangu, hayo yanaandikwa kwenye zinki kaboni, yaani betri ya kawaida ya bei rahisi, hayamaanishi kwamba ina nguvu kuliko alkalaini. Wengi wamenunua kwa sababu ya hayo maneno.

Sasa nikueleze kwa nini zinavuja, maana ukielewa hapa mengine yote yananyooka. Ile betri ya R20 ukiichana (usiichane, nitakwambia kwa nini) utakuta kopo la zinki, ndani yake kuna unga mweusi uliolowana kidogo na maji ya chumvichumvi, na katikati kuna kijiti cheusi cha kaboni. Umeme unapatikana kwa zinki kuliwa. Ndio, lile kopo lenyewe ndio kuni, betri inavyofanya kazi inakula ukuta wake wa ndani kidogokidogo. Mwanzoni ukuta ni mnene hakuna shida, ila betri ikikaribia kuisha ukuta umebaki mwembamba, unatoboka sehemu moja mbili, na yale maji yanatafuta njia ya kutoka. Kwa hiyo betri iliyoisha ikaachwa ndani ya redio inavuja karibu kwa uhakika, ni suala la muda tu. Ukiangalia vizuri utakuta redio ya mzee iliachwa na betri zilizochoka, labda msimu ule umeme ulikuwa unapatikana akawa anaichomeka ukutani, akasahau kwamba ndani kuna betri sita zimelala.

Alkalaini imejengwa kinyume, zinki iko katikati kama unga na kopo la nje ni la chuma, haliliwi. Ndio maana inakaa muda mrefu na haivuji haraka. Lakini nayo ikiisha kabisa ikaachwa inajaza gesi ndani, inasukuma muhuri na kumwaga ule unga mweupe kama chumvi. Hakuna betri ya hivi isiyovuja milele.

Na jambo lingine linalochangia ni kuchanganya. Redio ya betri sita, nne mpya na mbili za zamani, au R20 na LR20 pamoja kwa sababu dukani zilipungua. Ile iliyo dhaifu inaisha mapema, halafu wenzake wanaendelea kusukuma umeme kupitia kwake kwa nguvu, hiyo ndio inatoa maji kwanza. Betri ziingie pamoja, zitoke pamoja, za aina moja na za pakiti moja.

Kuhusu kuanika juani, mama mkwe hajakudanganya, ameona kwa macho yake na ni kweli redio inaamka. Joto linafanya kemikali ya ndani itembee haraka kidogo, na kule kupumzika tu kunaisaidia betri ya zinki kujipanga upya, hata ungeiweka kabatini siku mbili ingeamka kiasi. Ila nguvu mpya haijaingia. Ni kama kukamua tena nguo uliyoshaikamua, matone yanatoka, lakini sio maji mapya. Na kile unachokamua ni ule ukuta mwembamba uliobaki, kwa hiyo betri iliyoanikwa ndio ya kwanza kuvuja. Kuzichemsha au kuzing'ata meno kama watoto wanavyofanya, hapana kabisa, zinapasuka na yale maji yanachoma. Kama huna jinsi kabisa, zianike mchana utumie kwenye tochi usiku huohuo halafu zitoe, usizirudishe ndani ya redio.

Friji nayo hapana. Ubaridi kweli unapunguza kasi ya betri kuisha ikiwa imekaa, hapo jirani ana hoja, lakini friji zetu umeme ukikatika zinapata joto, ukirudi zinapoa, kila mara unyevu unatanda juu ya betri, unaingia kwenye muhuri na kuleta kutu kwenye ncha. Weka kwenye sehemu kavu na ya baridi ya kawaida, chini ya kitanda, kwenye ndoo yenye mfuniko, sakafuni sio juu ya kabati karibu na bati. Hapo kwenye bati ndio pabaya kuliko pote. Nyumba nyingi za kwetu hazina dari, na wewe unajua Septemba na Oktoba Tabora inavyowaka kabla mvua haijaanza, juu pale chini ya bati panakuwa kama tanuru. Kikemia, joto likipanda kama nyuzi kumi, kuharibika kunakwenda karibu mara mbili. Betri ya zinki ambayo ingekaa miaka miwili mitatu sehemu ya ubaridi, kwenye stoo ya bati haifiki huko.

Na hapa ndio nafika kwenye swali lako kubwa, la kununua nyingi. Nimepiga hesabu mwenyewe na nakwambia matokeo yalivyo hata kama hayatampendeza muuzaji yeyote. Chukua tochi ya betri mbili za saa, mfano tu, zako zitakuwa na tofauti. Jozi ya 300 ikikaa usiku 4, kila usiku ni shilingi 75. Jozi ya aina ileile uliyonunua dukani kwa 600 ikikaa usiku 5, ni shilingi 120. Alkalaini ya 2,000 ikikaa usiku 24, ni shilingi 83. Unaona? Ile ya bei rahisi ya katoni haijashindwa, inakimbizana na alkalaini kabisa. Kwa hiyo siwezi kukwambia eti rahisi ni ghali kama watu wanavyopenda kusema, hapa sio lazima iwe hivyo. Lakini jozi hiyohiyo ya 300 ikiwa imekaa ghalani mwaka na nusu kabla ya kupanda basi kuja kwenu, ikakaa usiku 2 tu, sasa ni shilingi 150 kwa usiku, umepoteza kuliko ungenunua dukani. Faida yote ya kikundi iko kwenye umri wa ule mzigo, bei peke yake haikwambii kitu.

Ndio maana za mwaka mzima nakataa. Nunueni za miezi mitatu, minne mwisho, zikiisha mnaagiza tena. Mkinunua za mwaka mnageuka kuwa ghala la yule kijana, hasara ya kuharibika inahama kutoka kwake inakuja kwenu. Na kama mnaweza kupanga, mzigo mkubwa msiupokee Agosti ukakae na lile joto lote, upokeeni mvua zikishaanza.

Kabla hela haijatoka fanyeni hivi. Mwambie afungue katoni mbele yenu, na msichukue zile za juu tu alizozipanga, toeni jozi mbili za katikati na mbili za chini kabisa. Angalia tarehe, iwe kwenye betri au kwenye kasha, kama hakuna tarehe popote mimi nisingenunua katoni nzima. Angalia kitako, kusiwe na doa, unyevu au kutu, na ile karatasi ya nje isiwe imevimba. Zipime kwenye mizani ndogo kama ipo, betri ya saa ya zinki ina gramu 15 mpaka 18 hivi, alkalaini ya kweli inafika 23. Sasa mtu akikuletea betri imeandikwa LR6 alkalaini halafu ina gramu 15, huyo ndio feki, hapo huna haja ya kuuliza mara mbili. Fundi yeyote wa jirani ana mita, betri mpya inatakiwa isome volti 1.5 kwenda juu, mara nyingi 1.6, ikisoma 1.4 na ndio inatoka kwenye nailoni basi imezeeka. Ila mita inadanganya kidogo kwa sababu betri ikiwa haina kazi inaonekana nzima, kipimo cha ukweli ni tochi. Weka jozi moja kwenye tochi, na jozi ya dukani kwenye tochi nyingine ya aina ileile, ziwashe pamoja jioni na uangalie ipi inafifia kwanza. Itawagharimu jioni mbili tatu. Muuzaji anayejiamini atawapa jozi nne za kujaribia, akikataa mmeshapata jibu.

Na mkikuta kweli ni bandia, jina la watu limeigizwa, msinyamaze mkaziuza kwa wenzenu. Hizo ni kazi za FCC (Tume ya Ushindani) na TBS (Shirika la Viwango), wapeni taarifa, na ndio maana ni muhimu kudai risiti hata kwa mtu mnayemjua.

Halafu sio kila kifaa kinataka betri ileile, na hapa mnaweza kuokoa bila kuongeza senti. Saa ya ukutani na rimoti zinakula kidogo sana, R6 na R03 za bei rahisi zinatosha, alkalaini humo ni ufahari. Saa ya ukutani inakwenda mwaka na zaidi na betri moja ya zinki, mimi ya kwangu naibadilisha kila mwaka hata kama bado inatembea ili isije ikavuja. Redio ya betri kubwa kwa masaa machache ya taarifa ya habari na mpira, R20 inafanya vizuri tu kwa sababu inapata muda wa kupumzika. Tochi ndio mlaji, taa za siku hizi zina mwanga mkali na zinki kaboni haipendi kuvutwa kwa nguvu, inachoka hata kabla haijaliwa yote. Mashine ya kupima presha au ya sukari usiiwekee za katoni, weka alkalaini nzuri, pale hutaki kipimo kikuzimikie katikati au kikupe namba za ajabu ukaanza kuhangaika na dawa.

Kwa tochi mimi ningewashauri kikundi muangalie betri za kuchaji. Zile zinazoitwa NiMH, zimeandikwa volti 1.2, usiogope hiyo 1.2, tochi na redio nyingi zinafanya nazo kazi vizuri. Tuseme jozi na chaja vinakugharimu 25,000. Ukizitumia miaka mitatu, hiyo ni usiku elfu moja na ushee, inaangukia kama shilingi 23 kwa usiku, hakuna betri ya kutupa inayofika hapo. Ubaya wake ni kwamba hela inatoka yote mara moja, inataka umeme au sola, na mtoto akiipoteza moja umeumia. Ila kikundi ndio kazi yake hiyo, mtu anakopeshwa chaja badala ya kila wiki kukimbilia dukani. Na ukinunua angalia wasikudanganye namba, betri ya saa ya kuchaji ya kweli haivuki mAh 2800 hivi (mAh ni kipimo cha umeme inaobeba), ukiona imeandikwa 5000 au 10000 weka chini. Vivyo hivyo zile nene kidogo za tochi za Kichina zinazoitwa 18650, nyingi za kweli hazivuki 3600 hivi, hizo zilizoandikwa 9900 ni uongo mtupu. Hizo 18650 ikivimba au ikipata joto sana wakati wa kuchaji toa, usichaji tena, usiiweke karibu na kitanda.

Unga wa kwenye rimoti unasafishika. Angalia kwanza betri iliyovuja ni aina gani. Kama ni R, yale maji yana uchachu kidogo, futa na kitambaa au mswaki wa zamani uliochovya maji yenye magadi. Kama ni LR ni kinyume, inaunguza kama sabuni kali, tumia ndimu au siki kidogo. Vaa mfuko wa nailoni mkononi, usiguse macho, ukimaliza futa na kitambaa chenye maji safi kidogo, kausha siku nzima. Ikiingia jichoni osha kwa maji mengi ya safi muda mrefu, dakika kumi na tano na zaidi, kisha hospitali.

Zilizoisha usizitupe motoni, zinalipuka, wala usiwaachie watoto kuzipasua. Sisi tulipokuwa shule tulikuwa tunaponda ule unga mweusi na majani tunapaka ubao, mikono myeusi mpaka viwikoni, hakuna aliyetuambia kwamba vumbi lile ukilivuta mara nyingi linaharibu mishipa ya fahamu. Ndio maana nilisema usiichane. Kusanyeni kwenye kopo moja la kikundi lenye mfuniko, likijaa atakayekuja mjini aulize kwa wanaonunua vyuma chakavu na betri za magari kama wanapokea, angalau zisilale shambani au karibu na kisima.

Kuna kitu hukukiuliza ila mizigo ya namna hii inakuwa nacho, zile betri bapa kama kitufe cha shati zinazouzwa kwa kadi, za saa za mkononi, mizani na midoli inayowaka taa. Kama una mtoto mdogo nyumbani usiziingize kiholela. Akimeza moja ikakwama kooni inaanza kuunguza nyama, ndani ya masaa mawili tu madhara yanaweza kuwa makubwa, na mtoto anaweza asilie. Ukihisi amemeza, au ameiingiza puani au sikioni, usimtapishe, usisubiri choo, nenda hospitali yenye eksirei saa hiyohiyo, na kama ya karibu haina msipoteze muda ombeni usafiri wa kuja Kitete, hospitali ya mkoa hapa Tabora mjini. Kama amemeza na ana zaidi ya mwaka mmoja na anaweza kumeza vizuri, njiani mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika kumi, mara sita mwisho, asali inapunguza ile kuungua wakati mnakimbia. Huku kwetu asali hatukosi, ila isiwe sababu ya kuchelewa hata dakika moja, na mtoto wa chini ya mwaka usimpe.

Ile redio inayokoroma usiijaribu na betri mpya kwanza. Maji yale yanatambaa kwenye nyaya na kwenye swichi ya sauti, ukiiwasha ikiwa na uchafu unaweza kuunguza kilichokuwa kinapona kwa kusafishwa tu. Mpelekee fundi hapo Urambo aifungue, mwambie asafishe spring na bati za betri na ile swichi, mara nyingi ni kazi ya nusu saa. Mwombe pia aangalie kama inaweza kuwekewa tundu la kutumia sola, redio nyingi za betri sita zinakubali, na mzee hatahitaji katoni ya mtu.